Sheria imepita huku, moshi umeenda wapi? Mwongozo kamili wa kupima kanuni za mazingira zinavyogusa hewa ya majirani

Mtu akikwambia sheria fulani ya hewa imefanya kazi kwa sababu mkoa wake umekuwa msafi, mi huwa nauliza kitu kimoja tu, je ule moshi umezimwa au umehamishwa? Maana hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na grafu ya mkoa mmoja haiwezi kukuonyesha tofauti, hata uipake rangi ngapi. Hapa nitaelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kujua, kwa kutumia data ambazo mtu yeyote mwenye intaneti na subira anaweza kuzipata. Subira ndo ngumu zaidi.

Kwanza elewa uchafu unavyovuka mpaka

Usifungue data kabla hujaelewa hii, utapotea. Sheria ya eneo moja inagusa hewa ya jirani kwa njia kama nne hivi.

Ya kwanza ni upepo wenyewe. Zile chembe laini zinazoitwa PM2.5, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini, zinaweza kukaa angani siku kadhaa zikasafiri mamia ya kilomita, na salfa dayoksaidi inayotoka kwenye makaa ya mawe inageuka njiani kuwa chembe za salfeti, kwa hiyo kinachomfikia jirani wala sio kile kile kilichotoka kwenye bomba. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, alisema wazi kwamba mvua ya tindikali iliyokuwa inaharibu maziwa ya kwao ilitokana na salfa ya nchi nyingine za Ulaya, watu wakabishana weee mpaka 1979 ndo ukasainiwa mkataba wa Geneva wa uchafuzi wa hewa unaosafiri mbali, ukaanza kutumika 1983. Kwa njia hii sheria kali kwako ni zawadi kwa jirani, hewa yake inakuwa safi bila yeye kulipa chochote.

Ya pili ni kuhama, na hii ni kinyume chake. Unabana huku, kazi chafu inahamia kule. Mfano ninaoupenda ni wa betri za magari. Mwisho wa 2008 Marekani ilikaza kiwango cha madini ya risasi hewani mara 10, kutoka mikrogramu 1.5 kwa mita ya ujazo hadi 0.15. Kuyeyusha betri za zamani kukawa gharama, betri zikaanza kuvuka mpaka kwenda Mexico kwa wingi, na watafiti waliofuatilia walikuta karibu na viwanda vya kule watoto wanaozaliwa na uzito mdogo wameongezeka. Ukisoma takwimu za Marekani peke yake hiyo ni sheria iliyofanikiwa vizuri tu.

Magari nayo ni hivyo hivyo, mji unapiga marufuku gari kuukuu, gari haifi, inauzwa. Ripoti ya 2020 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakiuzwa nje kati ya 2015 na 2018, na asilimia 80 hivi yalienda nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ya tatu ni kuigana, jirani anaona mwenzake kakaza naye anakaza, au anaona fursa analegeza ili avute wawekezaji. Hii inachukua miaka na kuipima ni shughuli.

Ya nne watu wengi hawaijui: sheria yenyewe kuandikwa vibaya kiasi kwamba njia rahisi ya kuitii ni kumpelekea jirani. Zamani Marekani walikuwa wanaangalia zaidi hali ya hewa karibu na mtambo, pale chini, basi wenye mitambo wakaona kuliko kununua mashine ya kuchuja salfa si bora tupandishe chimni. Hewa ya pale mtaani ikawa safi kweli, salfa ikaenda majimbo ya mbele, mpaka marekebisho ya 1977 yakaja kuzuia kuhesabiwa urefu wa chimni uliopitiliza kama njia ya kutimiza kiwango. Kanada nako kule Sudbury walijenga chimni ya mita 381 mwaka 1972, na eneo la karibu lilipata nafuu wakati salfa inatawanywa mbali zaidi.

Hatua ya 1: Soma sheria kama mwanasheria mwenye wivu

Tafuta vitu vitatu. Inabana nini, kiwango kwa kila uniti ya umeme au tani ya saruji, au jumla yote? Ikibana kwa uniti tu, kiwanda kinaweza kuwa kisafi kwa kila tani na bado moshi wote ukaongezeka kwa sababu kinazalisha mara mbili. Mpango wa Marekani wa mvua ya tindikali, uliotokana na sheria ya 1990 na kuanza 1995, uliweka paa la jumla ya salfa ya mitambo ya umeme, ndo maana ni mgumu kuukwepa kwa kuhamisha kazi kutoka mtambo huu hadi ule uliomo humo humo.

Pili inaanzia wapi na kuishia wapi. Baada ya 1977 kaunti za Marekani ambazo hazijafikia viwango zilibanwa zaidi ya zilizofikia, na viwanda vipya vya sekta chafu vikaanza kuelekea kaunti zilizo safi. Hawakuhama nchi, wameruka kaunti tu.

Tatu tarehe, na hapa usichukue tarehe ya kuanza kutumika peke yake. Andika na ile ya kutangazwa. Wenye viwanda wanasoma magazeti, wengine wanaanza kuhama hata kabla na wengine wanazalisha kwa fujo miezi ya mwisho kuwahi, kwa hiyo ule mwaka mmoja kabla ya sheria mara nyingi sio mwaka wa kawaida.

Angalia pia kama kuna sheria isiyo ya hewa kabisa inayoleta moshi. Punjab ya India mwaka 2009 ilipitisha sheria ya kulinda maji ya ardhini, ilikataza kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10. Nia safi. Lakini mavuno nayo yakasogea mbele, mkulima akabaki na wiki chache tu kabla ya kupanda ngano, na njia ya haraka ya kusafisha shamba ni kiberiti, sasa moto unawashwa mwisho wa Oktoba na Novemba wakati hewa imeshatulia na kupoa, moshi unaelekea Delhi na kukaa hapo hapo. Sheria ya maji ya jimbo moja, kikohozi cha jimbo lingine.

Hatua ya 2: Chora bonde la hewa, sahau ramani ya utawala

Hewa haina habari na mipaka ya mkoa. Chukua ramani ya milima, mabonde, bahari na upepo wa kila msimu, uone maeneo yanayovuta hewa moja. China ilipotoa mpango wake wa Septemba 2013 haikuipa Beijing lengo peke yake, iliweka Beijing, Tianjin na Hebei kwenye kapu moja lenye lengo la kupunguza PM2.5 kwa asilimia 25 ifikapo 2017. Na sababu ilikuwepo, maana kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang kilishatolewa Beijing kikapelekwa Caofeidian, pwani ya Hebei, na Hebei ni jirani anayeshiriki hewa hiyo hiyo. Mwaka 2017 wakapanua zaidi, wakaja na kundi la miji 28.

Sasa kuna maneno mawili ya mabaharia ambayo yatakuokoa hapa: joshini ni upande upepo unakotokea, demani ni upande unakoelekea. Kwa kila mji ulio kwenye ramani yako andika nani yuko joshini kwake na nani yuko demani, msimu kwa msimu. Aliye joshini Januari anaweza kuwa demani Julai, kwa hiyo jedwali moja la mwaka mzima halitoshi.

Hatua ya 3: Kusanya data za hewa, uzishuku zote

Vituo vya kupimia vya serikali, data za wazi za OpenAQ (tovuti inayokusanya vipimo vya hewa), na setelaiti. Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017 inakupa naitrojeni dayoksaidi karibu kila siku kwa vipande vya kilomita chache, safi sana kwa kuona mitambo na barabara kubwa, ila inapima hewa yote kuanzia juu mpaka chini, sio ile unayovuta puani. Kwa moto wa mashamba na misitu tumia FIRMS, ramani ya moto unaoonwa na setelaiti, ya NASA, shirika la anga la Marekani.

Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyohesabu chembe kwa mwanga vinasaidia ila unyevu ukizidi vinahesabu matone kama vumbi, asubuhi yenye ukungu utadhani mji unaungua. Viweke kwanza wiki kadhaa kando ya kituo kinachoaminika ndo uvisambaze.

Afu kwa kila kituo uliza kama kimewahi kuhamishwa. Niliwahi kukaa wiki nzima nashangilia mteremko mzuri wa grafu, kumbe kituo kilitolewa kando ya barabara kuu kikapelekwa kwenye bustani nyuma ya ofisi. Sheria haikuhusika hata kidogo. Na angalia ratiba ya upimaji: Marekani kuna vituo vinavyopima mara moja kila siku 6 kwa ratiba inayojulikana, na utafiti wa kutumia setelaiti ulikuta hewa huwa mbaya zaidi siku ambazo hazipimwi. Binadamu ni wale wale.

Hatua ya 4: Upepo, hapa ndo wengi wanaanguka

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu makosa ya hapa hayaonekani, unapata jibu zuri tu na ni uongo.

Nyuzi za upepo zinaeleza unakotoka. Nyuzi 270 ni upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukizisoma kinyume umeshamgeuza mkosaji kuwa muathirika.

Usifanye wastani wa nyuzi moja kwa moja. Chukua saa mbili tu, moja upepo ni 350 nyingine 10, zote zinatoka kaskazini. Jumlisha gawa kwa mbili unapata 180, kusini! Mi nilifanya hivyo kwa data ya miezi sita, nikawa tayari nimeshaandika aya mbili za kulaumu mji wa kusini. Dawa yake ni kugawa kila upepo vipande viwili, cha mashariki-magharibi na cha kaskazini-kusini, kwa kutumia sain na kosain, unafanya wastani wa kila kipande peke yake ndo unarudi kwenye nyuzi.

Upepo ukiwa chini ya mita 1 kwa sekunde tupa mwelekeo wake, kile chombo kinazunguka tu. Hizo saa za utulivu ziweke kundi lake, maana ndo saa ambazo uchafu wa ndani ya mji unarundikana.

Piga na hesabu ya muda. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ni kilomita 18 kwa saa, kwa hiyo moshi wa kilomita 100 joshini unakufikia baada ya saa tano na nusu hivi. Ukilinganisha saa 2 asubuhi ya huko na saa 2 asubuhi ya kwako unalinganisha vitu visivyojuana. Ukitaka njia halisi hewa iliyopita, programu ya HYSPLIT ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, inakuchorea bure, unaiambia mahali na saa inarudi nyuma siku hata tatu.

Hatua ya 5: Linganisha, lakini sio na jirani

Kawaida watu wanafanya hivi: eneo lenye sheria dhidi ya jirani asiye na sheria, kabla na baada, tofauti ya tofauti. Njia nzuri, ila jirani ndo mtu mbaya zaidi wa kulinganisha naye kwa sababu na yeye ameguswa na sheria hiyo hiyo.

Tuone kwa namba, nimezitunga ili hesabu iwe wazi. A imekataza mafuta mazito kwenye matanuri. PM2.5 yake imeshuka kutoka 48 hadi 36. Jirani B, hana sheria, imepanda kutoka 30 hadi 33. C yuko mbali, joshini kwa wote, hana biashara na A, imeshuka kutoka 40 hadi 38, labda mvua zilikuwa nyingi mwaka ule.

Ukimlinganisha A na B: A kashuka 12, B kapanda 3, unatangaza sheria imeondoa mikrogramu 15. Makofi! Sasa mlinganishe na C. Bila sheria A angeshuka 2 kama C, kwa hiyo sheria imeondoa 10. Na B naye angeshuka 2 lakini kapanda 3, yaani kabebeshwa 5. Kwa hiyo ile 15 ilikuwa na mateso ya B ndani yake yakihesabiwa kama mafanikio ya A.

Endelea mbele kidogo. A ina watu milioni 2, B milioni 4. Faida ya A ni 10 mara 2 sawa na 20, hasara ya B ni 5 mara 4 sawa na 20. Kwa jumla ya mapafu hakuna kilichobadilika. Ukigeuza mfano, B ikinufaika na upepo uliosafika ikashuka 6, kumlinganisha na A kunakupa 6 tu na utasema sheria dhaifu, wakati imeondoa 10 kwa A na 4 za bure kwa B.

Kwa hiyo tafuta C. Iwe nje ya bonde la hewa, nje ya soko la viwanda vile, lakini iwe na hali ya hewa na misimu inayofanana. Hutapata C kamili, chukua tatu au nne uone kama jibu linatulia. Na hakikisha miaka kabla ya sheria A na C zilikuwa zinapanda na kushuka pamoja, kama hazikuwa pamoja acha.

Hatua ya 6: Tenganisha upepo na kuhama ndani ya B

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na haihitaji mtambo wowote. Shida ni kwamba B anaweza kupata vyote viwili, upepo safi kutoka A na matanuri mapya yaliyohamia, vikafutana, grafu ikalala flati na mtu akasema hakuna kilichotokea.

Tuseme A iko magharibi mwa B. Kwenye data ya B chukua saa ambazo upepo uko kati ya nyuzi 240 na 300 na spidi imezidi mita 2, hilo kundi la kwanza. Kundi la pili upepo wa upande mwingine wowote. La tatu ni zile za utulivu. Linganisha kila kundi kabla na baada ya sheria, mwezi kwa mwezi. Kundi la kwanza likisafika wakati mengine yako vile vile, B amepata zawadi ya upepo. Saa za utulivu zikichafuka, chanzo kipya kiko ndani ya B. Kundi la kwanza likisafika na utulivu ukachafuka, basi umekuta vyote viwili na ile grafu flati umeifungua.

Hatua ya 7: Watafute waliohama

Hewa inakupa dalili, ushahidi uko kwenye makaratasi. Leseni mpya za viwanda B, umeme A anaonunua kutoka nje baada ya kufunga mtambo wake (hii inasahaulika sana, taa zinawaka A moshi unatoka B), takwimu za forodha, na picha za setelaiti za kuhesabu matanuri. Angalia hasa ukanda wa mpakani upande wa demani. Utafiti wa Marekani ulikuta mitambo ya makaa ya mawe imewekwa karibu na mpaka wa demani kupita kiasi ukilinganisha na ile ya gesi, na makaa ndo yenye moshi wa kukimbiwa. Bahati mbaya haiwi na mpangilio hivyo.

Hatua ya 8: Ozoni ina kichwa chake

Usiichanganye na vumbi. Ozoni ya chini, ile gesi inayochafua hewa karibu na ardhi, haitoki kwenye bomba, inatengenezwa na jua kutokana na oksaidi za naitrojeni na mvuke wa petroli, rangi na kadhalika. Katikati ya mji wenye magari mengi ile naitrojeni inakula ozoni, kwa hiyo ukibana magari ozoni ya mjini inaweza kupanda huku ya vijiji vya demani ikishuka. Mwaka 2020 magari yalipopaki kwa ajili ya korona miji kadhaa iliona naitrojeni inaanguka na ozoni inapanda. Toa matokeo ya zote mbili pamoja, mji na demani yake, la sivyo utaita sheria nzuri mbaya.

Hatua ya 9: Peleka hoja panapostahili

Ukishapata jibu, liandike kwa watu na sio kwa mikrogramu tu: nani kapumua nafuu, nani kabebeshwa, wangapi. Halafu ujue kuna mlango gani wa kugonga. Kati ya nchi na nchi, kesi ya kiwanda cha kuyeyusha madini cha Trail, Kanada, iliyoamuliwa 1938 na 1941, ilisema nchi haina haki ya kuacha ardhi yake itumike kuidhuru ardhi ya mwenzake kwa moshi. Kusini-Mashariki mwa Asia kuna mkataba wa ASEAN wa moshi wa 2002, ila Indonesia kwenye moto wenyewe iliuridhia 2014, na mwaka huo huo Singapore ikachoka kungoja ikatunga sheria ya kuyashtaki makampuni yanayochoma nje ya mipaka yake.

Ndani ya nchi moja Marekani wana kifungu kinachoitwa cha jirani mwema, jimbo la joshini likichangia kwa kiasi kikubwa jimbo la demani kushindwa kufikia kiwango linapaswa kupunguza, na kizingiti cha kuchunguzwa kilichotumika kwenye kanuni ya 2011 ni asilimia 1 ya kiwango chenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali kanuni hiyo 2014, halafu Juni 2024 ikausimamisha kwa muda mpango mwingine wa 2023. Kwa hiyo usitegemee mlango mmoja.

Kama uko upande wa wanaotunga kanuni mpya, omba mambo haya yaingie kwenye maandishi tangu mwanzo: paa la jumla kwa bonde zima la hewa, kituo cha kupimia upande wa pili wa mpaka kilichowekwa walau mwaka mmoja kabla ya sheria kuanza, na rejista ya mashine zinazofungwa inayoonyesha zimeuzwa wapi au zimekatwa chuma chakavu. Hicho kituo cha ng'ambo ndo wanakikata kwanza bajeti ikibana, kaa nacho macho.